Mwaka wa Kukaa Upande

Mwezi uliopita nilimwona binamu yangu Rajabu amesimama chini ya hema, pale Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua, akifundisha watu. Alikuwa amevaa jaketi la kung'aa, lile la rangi ya limau, na mkononi ameshika kifimbo kama mwalimu wa hesabu. Mbele yake waendesha boda walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wakinywa soda ya bure. Mimi nilikuwa natoka sokoni na mfuko wa viazi. Nikajibanza kwenye baraza la duka la simu, nusu ya uso ndani ya mtandio, nikasikiliza. Alikuwa anawaambia kwamba anayebeba mtu nyuma lazima aanze kufunga breki mapema, kwa sababu pikipiki yenye watu wawili haisimami kama yenye mtu mmoja. Akasema, kabla ya kuwasha, mwambie abiria wako akanyage vile vyuma vya miguu, mguu huku na mguu huku, akushike kiunoni, na kwenye kona ainamie upande ule ule unaoinamia wewe, asivutane na wewe. Kila neno lilikuwa sahihi, na ndiyo sababu liliniudhi. Kijana mmoja akauliza habari ya wanawake wenye nguo ndefu. Rajabu akajibu kwamba nguo ikusanywe yote, ikaliwe chini ya mapaja, isibaki ncha inayopepea karibu na cheni. Kisha akajipiga kifuani na kusema hayo ameyajua tangu zamani, hakuna mtu aliyemfundisha. Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilicheka ndani ya mtandio mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka maji.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari niandike mstari mmoja kama ninavyoandika kila siku, lakini mstari mmoja haukutosha. Najua watu watasema msichana wa miaka kumi na tisa, anayengoja matokeo ya mtihani, hana kumbukumbu, ana juzi tu. Wacha waseme. Mwaka niliokaa Koboko, mji wa mpakani, kwa shangazi, nikiwa kidato cha pili, ulinionyesha watu wazima wakifikiri, na mpaka leo sijapona.

Shangazi yangu anaitwa Hajati Sauda. Kule Koboko wote wanamwita Hajati tu, kana kwamba mji mzima una mmoja. Nyumba yake ina chumba cha mbele chenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuviegemea, na nyuma yake chumba chetu, mimi na binti yake Zaitun. Katikati hakuna mlango, kuna pazia tu. Kwenye baraza alipanga fundi cherehani, mama mmoja wa Kikongo anayeuza vitenge na kushona, Mama Furaha, ambaye Jumapili anaimba kwaya na siku nyingine zote anasema anachofikiri. Jioni wanaume walikula chumba cha mbele na sisi tulikula nyuma ya pazia, kisira, ile mikate yetu myembamba ya mtama, na mchuzi wa bamia, kwa hiyo kila kitu walichosema tulikisikia huku tukitafuna. Mimi sikuwa mtu wa kuongea. Ulimi wangu ulikuwa unaganda mbele ya wageni kama mafuta ya kondoo asubuhi. Lakini masikio yalifanya kazi vizuri, na pazia lile lilinisomesha kuliko shule.

Aliyeongea zaidi upande wa pili alikuwa Rajabu, mtoto wa kwanza wa Hajati, mwenye pikipiki nyekundu na steji, kituo cha boda, pale njia panda. Alikuja na wenzake wa steji, wakanawa mikono, na kabla tonge la kwanza halijafika mdomoni alikuwa ameshaanza kujisifu. Alikuwa na elimu yake kuhusu abiria. Kwa maoni yake abiria bora duniani ni gunia la muhogo. Gunia ukilifunga kwa mpira linatulia, halikuulizi mbona unakimbia, halikukandamizi mbavu, na likianguka halina ndugu wa kuja kukushtaki. Mtu ni mzigo mbaya kwa sababu ana mawazo. Anaogopa, na akiogopa anajipinda, na akijipinda anakuharibia kona. Wenzake walicheka mpaka wakapaliwa na pilipili. Helmeti alikuwa nayo moja, akaivaa kwenye kiwiko cha mkono. Pengine alijua ni kipi kati ya kiwiko na kichwa kingekuwa hasara zaidi kikivunjika, na sitaki kumbishia. Abiria hakuwa na helmeti kabisa. Akibeba mama na watoto wawili aliita hiyo ni safari moja. Na breki, alisema breki ni ya waoga, dereva wa kweli anatumia honi.

Nilimdharau, na nasema hivyo bila haya. Lakini Rajabu alikuwa ni tawi tu, mti wenyewe ulikuwa ni mama yake. Wiki ile ile niliyofika, Hajati aliamuru pikipiki isimamishwe uani, akanifundisha mtoto wa kike anavyopanda. Anakaa upande. Miguu yote miwili kushoto, magoti pamoja kama kurasa za kitabu kilichofungwa, mkono mmoja kwenye chuma cha nyuma cha kufungia mizigo na mwingine umeshika gurbaba, ile kanga yetu yenye nakshi ya kufunga kiunoni, isifunguke kwa upepo. Mgongo wa dereva usiguswe, hata kama dereva ni kaka yako, kwa sababu watu wa njiani hawajui kama ni kaka yako.

"Mtoto ya mwanamke haipanui miguu mbele ya watu," aliniambia. "Ukianguka, anguka na heshima."

Alisema hivyo akiwa ameegemea tangi la pikipiki, kwa sababu Hajati hawezi kusimama muda mrefu bila kuegemea kitu. Ujana wake alikuwa akienda sokoni nyuma ya pikipiki, amekaa upande, ikaruka tuta, yeye akabaki hewani na pikipiki ikaendelea. Nyonga yake ikakaa vibaya. Tangu hapo anatembea akizungusha mguu mmoja kama mtu anayefunga lango. Hadithi ya kuanguka kwake niliisikia mara nyingi mwaka ule na kila mara ilikuwa na mkosaji mpya: jicho la jirani, dereva aliyekuwa Mkristo, viatu vipya, Ijumaa. Mkao haukutajwa hata siku moja. Mama huyo, ambaye mifupa yake yote ilikuwa ushahidi, alichechemea uani kwake kutufundisha tufanye vile vile. Na wanawake waliokuja kunywa chai ya tangawizi walimsikiliza, wakasema kweli Hajati, malezi ni hayo, kisha wakapanda boda zao upande, wengine na mtoto mgongoni, wakaenda.

Kwa hiyo nilikwenda shule upande mwaka mzima. Mtu ambaye hajawahi kukaa hivyo hajui ni nini. Unaona nusu ya dunia tu. Upande wa kushoto naona kila duka, kila mbuzi, kila mwanafunzi anayenicheka, lakini lori la kwenda Juba linalokuja upande wa kulia nalijua kwa upepo wake tu, unanipiga mgongoni kama kofi. Miguu inaning'inia na haina pa kukanyaga. Pikipiki ikilala kushoto naona lami inakuja usoni, basi mwili wenyewe, bila ruhusa yangu, unavuta kurudi kulia, na dereva anahisi kama mtu amemshika kola. Siku moja kwenye kona ya kushuka kwenye daraja, mvua imetoka kunyesha, Rajabu aliingia kwa kasi yake ya kawaida, mimi nikavuta kulia, gurudumu la nyuma likateleza, tukapita ukingoni tukipangusa nyasi. Hatukuanguka. Alisimama, akageuka, akanitukana kwa lugha tatu, akasema anajuta kuacha gunia nyumbani. Jioni ile nyuma ya pazia nilimsikia akisimulia jinsi alivyoniokoa. Alieleza kona, akaongeza lori ambalo halikuwepo, akaongeza ng'ombe. Zaitun alinisukumia kipande cha nyama cha sahani yake, akasema kwa sauti ndogo, "Kula. Ng'ombe mwenyewe ndiyo huyu."

Nampenda Zaitun kuliko dada wa tumbo moja. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache tu, lakini alikuwa na utulivu wa mama wa watoto watano. Hakuwa mpole, watu walikosea hapo. Alikuwa anachagua pa kutumia maneno yake. Mwaka ule alikuwa ameposwa na fundi wa friji wa Arua, kijana anayeinamisha kichwa akisalimia, na baada ya mwezi wa Ramadhani ikapangwa harusi. Basi nyumba nzima ikageuka jiko. Na hapo wakaanza kujadili biarusi atasafiri vipi.

Upande wa bwana harusi walisema watatuma gari. Gari zuri, lenye vioo vyeusi. Familia yoyote yenye akili ingesema ahsante. Lakini kwetu gari lilichukuliwa kama tusi. Miezi michache nyuma binti wa jirani alikuwa ameolewa, akasindikizwa na msafara wa boda kutoka Koboko mpaka Arua, zote zimefungwa riboni, honi zinalia, na yeye kwenye pikipiki ya mbele, nyuma ya kaka yake, amekaa upande, shela ndefu nyeupe inapepea nyuma yake kama moshi. Mtu aliyekuwa kwenye pikipiki ya nyuma alipiga video. Video ile ilizunguka kwenye simu zote za Koboko, ikavuka mpaka ikaenda Sudan Kusini na Kongo, na Hajati aliitazama mara nyingi, simu ya Rajabu ameiweka mbali na macho kwa sababu hana miwani. Kesho yake alimwita Mama Furaha akamwambia anataka shela, na iwe ndefu kuliko ile.

Rajabu naye akatangaza kwamba yeye ndiye atakayembeba dada yake, kwa kuwa mwanamke anatoka mikononi mwa kaka anaingia mikononi mwa mume, na kwamba gari ni la watu wasio na kaka. Nyuma ya pazia nilisikia steji nzima ikiunga mkono. Walikuwa wanajadili mpangilio wa pikipiki, nani wa mbele, nani wa kushoto, nani wa kupiga video. Habari ya jinsi ya kumfikisha mtu akiwa mzima haikuwa kwenye ajenda. Ni ajabu namna watu wanavyoweza kukaa muda mrefu hivyo juu ya sahani ya wali na kupanga safari bila kumfikiria anayesafiri. Zaitun alikuwa anachambua mchele. Nilimwuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa sana. Alisema barabara ile ina malori, ina matuta, ina upepo kwenye maeneo ya wazi, na Rajabu akiona kamera anakuwa mbaya zaidi. Nikamwuliza kwa nini asimwambie mama yake. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini mvua isinyeshe kwenda juu. Biarusi kwetu anaruhusiwa kulia, alisema, anaruhusiwa hata kuzimia. Kukataa hakuruhusiwi.

Wakafanya mazoezi. Ilikuwa alasiri, siku chache kabla ya harusi, kwenye barabara ya vumbi nyuma ya msikiti. Nusu ya mtaa ilikuja kutazama. Zaitun akakaa upande, magoti pamoja, shela imebanwa kichwani na kufungwa nyuma ya shingo ili isitoke, mkia wake mrefu mikononi mwa watoto. Rajabu akawasha, akapiga honi, akaondoka kama anakimbizwa. Watoto wakaachia. Shela ikapepea kweli, na nakiri ilipendeza, kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu. Kisha ikashuka, ikaingia kwenye gurudumu la nyuma, ikajifunga pale kwenye cheni. Nilimwona Zaitun anavutwa kwa shingo kurudi nyuma, mikono hewani, mdomo wazi bila sauti. Kitambaa kikapasuka. Ilikuwa bahati tu, kilikuwa kitambaa chepesi cha bei ndogo, kikapasuka. Alianguka kwa makalio kwenye vumbi, na Rajabu akaendelea mbele akipiga honi, anapungia watu mkono, hajui kwamba amebaki peke yake.

Tulimwinua. Shingoni alikuwa na mstari mwekundu kutoka sikio hadi sikio. Hajati alifika akizungusha mguu wake, akautazama mstari ule, akagusa kwa kidole, na mimi nikafikiri sasa, sasa ataona. Macho yake yalijaa maji, hilo niseme kweli. Kisha akaokota kipande cha shela kilichochanika, akakinyoosha kati ya vidole, na akasema kitambaa hiki ni kibovu. Rajabu, aliyekuwa ameshageuza pikipiki, akakubali haraka. Akasema tatizo ni hilo, kitambaa cha siku hizi hakina nguvu, wanunue kile kizito, na ncha zishonwe mara mbili.

Nimesoma historia kidogo, nimesoma habari za watu waliofanya makosa makubwa, lakini sijakutana na kosa zuri namna hiyo. Kitu pekee kilichomwokoa mtoto wao ni kwamba kitambaa kilikuwa dhaifu, na hicho ndicho walichotaka kukirekebisha. Na hakuna aliyecheka. Wajomba, majirani, walimu wawili wa madrasa, wote walisimama pale wakijadili aina za vitambaa.

Hajati alimpelekea Mama Furaha kitambaa kipya siku ile ile, kizito, kinachong'aa. Mimi nilikuwa kwenye baraza nakunja nguo. Mama Furaha alikishika, akakivuta kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote, na mama yule ana mikono ya mtu anayebeba marobota. Hakikupasuka. Akakikunja taratibu, akamrudishia.

"Hajati, nisamehe," akasema. "Mi siwezi shona kamba ya kunyonga mutoto ya mutu."

Hajati akamwuliza anamwambia nani hivyo. Mama Furaha akasema anamwambia mama wa yule mtoto, kama yuko nyumbani. Nilidhani atafukuzwa kwenye baraza jioni ile na cherehani yake. Hajati alikumbatia kitambaa kifuani, akasema fundi wako wengi Koboko, na akaondoka. Hapo alisema kweli, mafundi wengi walikuwepo. Mmoja alishona shela ile kwa siku moja, mara mbili kwenye ncha, kama alivyoagizwa.

Alichofanya Zaitun nilikiona kwa kuwa tulilala chumba kimoja. Alikwenda kwa Mama Furaha mchana mama yake akiwa sokoni, wakanong'ona, na kitu kikaja chumbani ndani ya mfuko wa unga. Ilikuwa suruali, nyeupe, pana, ya kitambaa kile kile cha gauni lake, yenye lastiki kwenye vifundo vya miguu. Aliijaribu, akakaa juu ya sanduku la bati kama mtu juu ya farasi, akaona inaruhusu. Halafu aliniomba kitu kimoja. Siku ile nisimame karibu na yeye, na akinipa shela niipokee, nisiulize, nisirudishe kwa mtu yeyote hata nikiamriwa. Nikasema sawa. Akasema, "Wewe huongei, Shamim. Safari hii nataka hivyo hivyo."

Asubuhi ya harusi ua ulijaa. Harufu ya ubani, ya mafuta ya kukaangia, ya petroli. Pikipiki zilipangwa barabarani na riboni zake, madereva wamevaa kanzu na miwani ya jua, wanazingurumisha bila sababu. Zaitun alitoka akiwa na hina mpaka kwenye viwiko, wanawake wakapiga vigelegele. Alitembea polepole kama inavyotakiwa, macho chini, mpaka kwenye pikipiki nyekundu ambapo Rajabu alikuwa ameshakaa na helmeti yake kwenye kiwiko. Pale aliinua mikono, akatoa pini moja moja, akavua shela, akabaki na mtandio mfupi tu aliofunga vizuri chini ya kidevu. Shela akanipa mimi. Ilikuwa nzito kama mtoto. Akaichomoa helmeti kwenye kiwiko cha kaka yake, taratibu kama mtu anayetoa pete, akaivaa juu ya mtandio. Kisha akainua gauni, suruali nyeupe ikaonekana, akapitisha mguu, akakaa kiume.

Vigelegele vilikatika. Nakumbuka mama mmoja alibaki mdomo wazi, ulimi umesimama katikati. Mjomba akaniamuru nimrudishie mwenyewe shela yake. Nikaikumbatia zaidi. Rajabu akageuza shingo, akaona goti la dada yake upande huu, akageuza upande wa pili, akaona jingine, kama mtu anayekagua hasara. Akashuka. Alisema yeye hawezi kubeba mwanamke namna hiyo mbele ya watu, iko watu wa steji hapa, iko wazee, yeye ni mwanaume, jina lake litakwenda wapi. Zaitun alibaki amekaa nyuma, peke yake, miguu yote miwili imekanyaga vyuma vyake, mikono mapajani, kichwa kikubwa cha helmeti kinatazama mbele mahali ambapo dereva hayupo. Jua lilikuwa kali. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, mwalimu wa madrasa akatafuta aya akakosa, mtu akasema lile gari liitwe, mwingine akasema gari limeshakataliwa, ni aibu kuliomba tena. Nilielewa kwamba akishuka pale atapandishwa upande na ile kamba itarudi shingoni, na baada ya hapo ni Mungu tu na malori. Naye alielewa. Hakushuka.

Hajati ndiye aliyekuja. Watu walimpisha njia, kwa sababu wote walijua anakuja kumvuta binti yake chini, na sidhani kama kuna aliyetaka kukosa. Alifika kwenye pikipiki, akashika kiti, akahema. Alitazama mguu wa Zaitun pale ulipokanyaga chuma, akautazama kwa muda. Sijui aliona nini. Kisha akainama, jambo ambalo kwa nyonga ile ni kazi, akaanza kukusanya gauni. Alilivuta lote kutoka upande wa cheni, akalikunja, akalisukuma chini ya paja la Zaitun, akazunguka taratibu akafanya hivyo na upande wa pili, akapitisha kiganja kote kutafuta ncha iliyobaki, kama anavyotafuta mawe kwenye mchele. Alipomaliza alinyooka na kumtazama mwanawe.

"Rajabu," akasema. "Panda. Na usikimbie."

Wala hakubadilika siku hiyo, asije mtu akasoma hapa akalia machozi. Alikaa siku nyingi bila kumsemesha Mama Furaha, na mimi alinipandisha upande mpaka mwaka ulipokwisha, kwa kuwa, alisema, mimi si biarusi. Nilimdharau tena, kwa raha zangu. Lakini kiganja kile kikipita chini ya gauni nimeshindwa kukidharau mpaka leo, na kinaniudhi, kwa sababu kinaharibu hesabu yangu.

Tulikwenda. Mimi nilikuwa kwenye pikipiki ya nyuma yao, upande kama kawaida, shela mapajani, ncha zake nimezikalia, kwa hiyo niliwaona pale tu barabara ilipopinda kushoto. Rajabu alianza kwa hasira, akaongeza mwendo, na kwenye kona ya kwanza nikafumba macho. Nilipofumbua walikuwa wameinama na pikipiki upande mmoja, yeye na dada yake, miili miwili kama mmoja, wakanyooka pamoja. Kona ya pili vile vile. Hakuwahi kubeba mtu anayeinama naye kwenye kona, hakujua kwamba inawezekana. Kufikia katikati ya safari nilimwona anapunguza mwendo kabla ya tuta, anatoa mkono kuonyesha anapogeuka. Watu wa njiani walisimama kutazama biarusi mwenye helmeti. Wengine walitupigia makofi, wengine walitema mate. Lori moja la Juba lilitupita na upepo wake, pikipiki yangu ikayumba, nikalia, yao ikapita kama hakuna kitu.

Arua kwa bwana harusi walikuwa wametandika mazulia mpaka barabarani. Walipomwona Zaitun anaingia vile, nikaona mama mkwe anamtazama jirani yake ili ajue afikiri nini. Hapo Rajabu akazima pikipiki, akashuka, akavua miwani. Alitazama nyuso zile, na mimi ninayemjua niliona anavyopima upepo. Akainua mkono. Akasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni kwamba yeye kama kaka hawezi kuleta biarusi wa watu kwa mchezo, kwamba barabara ile ni mbaya, kwamba ni yeye aliyemwamuru dada yake akae hivyo, ni yeye aliyemvalisha helmeti yake mwenyewe, na kwamba mwenye kubeba wanawake upande hajui kazi. Mama mkwe akasema mashallah. Vigelegele vikapanda. Wazee wakaja kumshika mkono, mmoja akasema kaka kama huyu hayupo tena, na Rajabu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao sikujua kama anao.

Ulimi wangu ukafunguka mbele ya wageni, kwa mara ya kwanza mwaka ule. Nilikuwa nimeshashuka, shela mikononi, nikasema sitanyamaza, nitawaambia hapa hapa, mbele ya wote. Zaitun alinishika mkono. Helmeti ilikuwa bado kichwani, imenaswa na pini za mtandio, kwa hiyo niliona macho yake tu, na yalikuwa yanacheka.

"Muache aseme," aliniambia. "Aseme mpaka mwisho, na wote wasikie. Sasa kesho atayakana vipi?"